Safari Rally ilirudi, fundi wa gereji akabaki nje

Niseme mapema jambo ambalo litaniletea maadui. Safari Rally ya sasa ni tamu, ni ngumu, inakupa sababu ya kupiga kelele mbele ya runinga. Lakini ni nusu tu ya ile Safari tuliyosimuliwa na wazee. Ukiwa Nairobi au Nakuru unaweza kubisha, kwa sababu gari linapita karibu na kwenu na mnalirekodi kwa simu. Mimi nakuandikia kutoka Lodwar, takriban kilomita 600 kutoka Naivasha, mji ambao ukitaja WRC nusu ya watu wanadhani ni NGO mpya imekuja kuajiri.

Na kabla hujaniuliza, "Buda, mtu wa Turkana anajua nini kuhusu rali?" ngoja nikukumbushe kitu. Huku tumekuwa tukiishi ndani ya Safari Rally bila kulipwa. Kabla ya lami mpya, barabara ya A1 kutoka Lokichar kuja Lodwar ilikuwa imeoza kiasi kwamba madereva waliiacha kabisa wakachora njia zao kando, ndani ya mchanga. Barabara ilikuwa pale, tupu, na magari yalikuwa yakitimua vumbi pembeni yake. Nenda Kalokol au Eliye leo umtazame dereva wa Land Cruiser ya samaki. Akifika kwenye mchanga laini anashuka, anapunguza upepo kwenye tairi, anapanda, anaendelea bila kukanyaga breki hata kidogo. Kawalase ikishiba maji anazima injini, anakaa kivulini, anangoja. Hajafundishwa na mtu. Anaisoma njia jinsi wewe unavyosoma meseji.

Hicho ndicho kipaji ambacho Safari iliundwa kukipima. Na ndiyo maana nina hasira kidogo, lakini tutafika huko.

Mimi nimefuata huu mchezo tangu darasa la tano. Hapa mjini kulikuwa na fundi mmoja aliyebandika picha ya Toyota Celica kwenye bati la gereji yake, ile ya Ian Duncan ya mwaka 1994. Tulikuwa tunaenda kuomba mipira ya tairi za ndani za kutengenezea manati, yeye anatupa hadithi kwanza. Baadaye nikiwa chuo Eldoret, kabla sijaacha, bando zangu nyingi ziliishia kwenye video za zamani za Safari. Wenzangu walikuwa wanatazama mpira. Mimi nilikuwa natazama Lancer ikizama kwenye matope na wanakijiji wanaisukuma.

Sasa wewe ambaye ulianza kusikia Safari kwa sababu ya "Vasha", nipe dakika mbili za historia.

Ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilivuka Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka hiyo kilomita 5,000 halikuwa jambo la ajabu. Barabara hazikufungwa. Unakuja mbio, mbele yako kuna basi, kuna mbuzi, kuna mzee na baiskeli yake. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza tena saba. Soma hiyo tena polepole. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, na gari lilelile la aina ya Peugeot 404, gari ambalo babu yako pengine alipanda kwenda sokoni.

Wageni walikuja na timu za viwandani, pesa, vipuri, ndege, na walichapwa mwaka baada ya mwaka. Ilichukua hadi 1972 kwa dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort yake, kushinda. Karibu miaka ishirini! Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kama Mkenya, akaishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Lakini mtu wangu ni Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho, baba yake akiwa na gereji, na yeye mwenyewe alikuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 aliingia Safari na kakake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa gari la mtumba lililokwisha kutumika kwenye rali na wengine. Wakashinda. Baadaye akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Sifa yake kubwa haikuwa kasi. Ilikuwa kwamba anamaliza. Gari likigonga anajua kimevunjika nini kwa kusikiliza tu, na anajua kama kitafika au hakitafika.

Fundi wa Kericho, gari la mtumba, mshindi wa Safari. Shika hiyo picha.

Shika na nyingine ya Patrick Njiru. Mwaka 1993 Subaru walileta vigari vya Vivio, injini ya cc 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae mwenyewe alipewa kimoja, akakimbiza kama kawaida yake, kikamfia njiani. Njiru akakitunza chake, akamaliza, akashinda katika daraja lake. Mwaka uliofuata akapewa Impreza akawa wa nne kwa jumla, Duncan akishinda na ile Celica iliyokuwa kwenye bati la fundi wetu. Tangu hapo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa ndani ya ratiba ya mabingwa wa dunia. Safari yenyewe ikaondolewa WRC baada ya 2002, tukakaa nje miaka kumi na tisa.

Uhuru Kenyatta aliahidi kuirudisha, na 2021 ikarudi baada ya korona kuchelewesha mwaka mmoja. Mimi siyo wa kupinga. Siku ile nilikuwa nimejaa furaha kama mtoto wa Krismasi.

Na matoleo yaliyofuata hayajaniangusha. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza, Hyundai yake nzima. Mkondo wa kwanza wa siku hiyo, Loldia, saspensheni ikamsaliti, ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Mwaka 2022 Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza zote, Kalle Rovanperä mbele. Mwaka 2023 wakarudia kitu kilekile, Ogier akishinda kwa sekunde 6.7 tu na gari lililokuwa limepoteza mlango wa buti, vumbi likiingia ndani kama la matatu ya Lokitaung. Rovanperä tena 2024, Elfyn Evans 2025. Safari tano, Toyota tano. Mtu wa Turkana akisikia hayo anacheka tu, maana huku hata mbuzi anajua ni gari gani linafika.

Wengi husema Toyota wanashinda kwa sababu ya pesa. Sikubaliani. Hyundai na Ford pia si maskini. Toyota wanashinda Kenya kwa sababu wanaendesha Kenya, hawaendeshi Finland. Mtazame Takamoto Katsuta: wa pili 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023, wa pili tena 2024. Huyo siyo dereva mwenye kasi kuliko wote duniani, na hilo analijua. Lakini akiona mawe anapunguza, akifika kwenye lile vumbi laini wanaloliita fesh-fesh anashikilia usukani bila presha, na anamwacha mwenye haraka apate pancha. Hiyo ni akili ya Land Cruiser ya Kalokol.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni dogo. Ule mfumo wa pointi wa 2024, uliogawa nyingi Jumamosi na nyingine Jumapili, ulikuwa upuuzi kwa rali kama hii. Safari ni jumla. Ukiikata vipande unaifanya mtihani wa CAT. Bahati nzuri 2025 wakarudisha pointi 25 kwa mshindi, basi tuache.

La pili ni hizi sherehe. Sina shida na mtu kukodi Subaru, kuvaa jezi na kwenda kulala kwenye hema Naivasha. Enjoy. Shida yangu ni kwamba wiki nzima ya rali simu yangu inajaa video za watu wakimwagiana vinywaji, na siwezi kupata video moja ya Kedong. Ukimuuliza mtu aliyetoka huko nani alishinda, anakuambia, "Wale wa Toyota." Wale wa Toyota nani? Kimya. Wewe ulikuwa pale, mita kumi kutoka kwa bingwa wa dunia, na mimi niliyekuwa Lodwar nikibembeleza mwenye ukumbi wa video asiweke mechi ya Arsenal ndiye ninakuhadithia mkondo. Huo ni ukatili.

Huko Kakuma ni afadhali kidogo. Nilitazama siku moja ya rali ndani ya kambi, kwenye banda la jamaa mmoja Mkongo, na mjadala ulikuwa moto kuliko wowote niliowahi kusikia mjini. Vijana wa Sudan Kusini walikuwa wanauliza maswali ya maana: kwa nini gari la kwanza linafagia njia, kwa nini huyu anabeba tairi mbili za ziada na yule moja. Watu ambao wamesafiri siku nyingi juu ya lori wanaelewa barabara mbaya haraka sana.

La tatu ndilo kubwa. Safari imegeuka kuwa Naivasha. Ukiondoa ule mkondo mfupi wa kuonyesha watu wa Nairobi pale Kasarani, mingi ya mikondo imekuwa Soysambu, Kedong, Loldia, Elmenteita, Sleeping Warrior, Hell's Gate. Mashamba makubwa ya watu binafsi na hifadhi, zote zikizunguka Naivasha na Nakuru. Safari ya 2002 ilikuwa na takriban kilomita 1,000 za ushindani. Hizi za sasa ziko kati ya 320 na 390 hivi.

Naelewa kwa nini. Timu zinataka kambi moja, televisheni inataka ratiba, na barabara lazima ifungwe ili mtu asigongwe. Sitaki turudi 1968. Gari la mashindano katikati ya barabara yenye watoto wanaotoka shule ni wazimu, na waliouita enzi za dhahabu hawakuwa wao waliokuwa wamesimama kwenye kona. Basi sitaki kilomita 5,000. Lakini serikali ndiyo imekuwa ikibeba mzigo mkubwa wa kuleta hii kitu, maana yake ni pesa ya kila mtu anayenunua unga na mafuta, pamoja na mama anayeuza samaki wakavu hapa sokoni Lodwar. Mchezo unaolipiwa na nchi nzima na kuchezwa kwenye kaunti moja na nusu lazima uwe na kitu cha kuwarudishia wengine.

Na hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Katika hizo Safari tano hakuna Mkenya aliyesimama kwenye jukwaa la watatu bora. Onkar Rai alikuwa wa saba 2021, Karan Patel wa nane, Carl Tundo wa tisa. Kazi nzuri, na nilishangilia. Vijana watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, walipewa Ford Fiesta za Rally3 mwaka huohuo, na Kimathi akaenda hadi kwenye theluji ya Sweden 2022. Huyo kijana aliitwa McRae kwa sababu ya Colin McRae. Baba yake alikuwa dereva wa rali. Baba yake Tundo, dereva wa rali.

Usiniwekee maneno mdomoni, sisemi hawastahili. Hata Ulaya ni hivyo. Harri Rovanperä alikuwa wa pili Safari 2001 na wa pili tena 2002, hakuwahi kuishinda. Mwanawe Kalle akaja akaishinda mara mbili. Baba yake Evans alikuwa dereva wa rali, baba yake Katsuta vilevile. Huu mchezo unarithiwa kama shamba, kwa sababu ni ghali. Gari la Rally3, lile la daraja la chini, linazidi shilingi milioni 10 kabla hujanunua tairi. Nani Lodwar, nani Kayole, nani Likoni ana baba wa namna hiyo?

Lakini sasa mtazame Ogier. Bingwa wa dunia mara tisa, Safari mbili mkononi. Huyu alitoka mji mdogo wa milimani Ufaransa, alikuwa akifundisha watu kuteleza kwenye theluji. Alipatikanaje? Shirikisho la mbio za magari la Ufaransa lilikuwa na shindano la vijana lililoitwa Rallye Jeunes. Unakuja hivyo ulivyo, unapewa gari la kawaida, unazunguka koni uwanjani, unapimwa saa. Wenye kasi wanasonga mbele, wengine wanarudi nyumbani. Ogier alilishinda mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa vijana. Hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani.

Hicho ndicho ninachokitaka, na wala si ndoto. Gari moja la kawaida, hata Vitz au Probox. Uwanja wenye changarawe. Koni ishirini. Saa. Kaunti 47, wikendi moja kila kaunti, anayemaliza wa kwanza anaenda Naivasha kushindana na wenzake. Nauli ya matatu ndiyo iwe gharama kubwa kuliko zote. Ukilinganisha na bajeti ya Safari, hiyo ni chenji ya sukari. Lodwar uwanja tunao, changarawe tunayo hadi ya kuuza, na madereva, aisee, njoo usimame pale stendi asubuhi uone Probox zikitoka zimejaa hadi kwenye buti.

Nimeshaambiwa na rafiki yangu mmoja wa Nairobi kwamba dereva wa Probox hawezi kusikiliza mwelekezi akisomewa noti za kona. Hajawahi kupanda mbele usiku kutoka Kapenguria, turnboy akiwa anasema, "Shimo kulia, ngamia, songa, ngoja, twende." Hizo ni noti gani sasa?

Kisha, baada ya hayo, leteni raundi moja tu ya ubingwa wa kitaifa, KNRC, huku kaskazini. Sidai WRC. Najua utaniuliza kuhusu Kainuk na wahalifu, na swali hilo ni halali, hatujasahau wenzetu waliopigwa risasi kwenye hiyo barabara. Lakini Lodwar kwenda Kalokol siyo Kainuk. Magari yanakuja kwa lori mchana na msafara, watu wanafika kwa ndege, na mchanga wa huku utamwambia kila dereva ukweli wake ndani ya kilomita kumi. Wenyeji hawataomba hema la kifahari. Wataketi juu ya ekicholong zao chini ya mti, wataangalia, na jioni watakuambia kwa usahihi nani anajua kuendesha na nani anajua kupiga honi.

Yule fundi wetu wa Celica alishahama mji. Gereji iliyo pale sasa ni ya vijana wawili wa umri wangu, na wiki iliyopita nilikuta wameitoa shoki ya Land Cruiser ya mizigo na kuijaribu kwa kuruka juu yake. Mmoja ana miaka ishirini na moja, na ndiye mtu mwenye mkono mwepesi zaidi kwenye usukani niliyewahi kupanda naye. Hana leseni ya mashindano, hajui inatolewa wapi. Nilimwonyesha video ya Hell's Gate, ile kona ya mwisho kabla ya jabali. Akaitazama mara tatu, akaniambia yule wa Hyundai amefunga breki mapema.

Kwa hiyo Safari ijayo ukiwa Naivasha na uko karibu na kamba, usisimame upande wa nje wa kona, usivuke njia hata kama umesikia kimya, na unitumie video za magari. Za sherehe nishaziona.